Anayemlea Mama Naye Afundishwe

Juma lililopita kaka yetu aliyeko Doha aliandika kwenye kundi la familia: "Hela zatumwa kila mwezi, mbona Mama kakonda?" Dada yetu mkubwa, anayekaa na Mama pale Kisauni, Mombasa, hakujibu. Nilijibu mimi, nikiwa Leicester, kwa ukali ambao siujutii.

Kaka hajui Mama anavyokula siku hizi. Hushika tonge akauliza, "Baba yenu karudi?" Baba tulimzika kitambo. Mwanzoni Dada alimwambia kweli, na kila mara Mama alilia upya kama aliyefiwa siku ile ile. Sasa Dada humuuliza, "Kwani Baba alipenda samaki gani?" Basi Mama huanza kusimulia habari za nguru wa kupaka, na katika kusimulia tonge hupanda mdomoni. Hata kuoga kuna namna yake: maji vuguvugu, alasiri kabla jua halijazama na Mama kuanza kutaka kwenda "kwao", leso mabegani, miguu kwanza. Yote hayo Dada aliyagundua peke yake, kwa machozi mengi.

Huku Uingereza mambo hayo hufundishwa. Watafiti wa University College London (UCL) waliandaa mafunzo yaitwayo START, vikao 8 kwa jamaa anayemuuguza mtu mwenye ugonjwa wa kusahau: namna ya kujibu bila kubishana, namna ya kutulia, nani wa kuombwa msaada. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa waliofundishwa walipungukiwa na sonona na wasiwasi. Waliofundisha walikuwa vijana wenye shahada ya saikolojia, wala si madaktari bingwa. Vijana wa namna hiyo Mombasa tunao, na wengine hawana kazi.

Ila huku pia kuna mhudumu anayeingia kwa robo saa, kidonge, chai, kwaheri. Mama hajawahi kuhudumiwa hivyo. Muuza mahamri humwamkia kwa jina la kifungua mimba wake, na akitoka nje ya ua watoto wa jirani humshika mkono wakamrudisha, tena wakimjibu hadithi zake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuzisikia.

Lakini si kila mzee ana mtaa kama huo. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, Ganze, kunusuru roho zao. Mzee akikutwa usiku mlangoni pa mtu, asijue amefikaje, huenda ni maradhi tu; jirani asiyefundishwa humwona mchawi, na wanawe mwenyewe wenye kulitamani shamba huitikia. Hili linanichoma kuliko maneno ya kaka. Wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa dalili za ugonjwa huu, wanaweza kuokoa maisha.

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2019 kitabu cha mafunzo kwa walezi, iSupport, kinachopakuliwa bure. Sehemu yake nzima inahusu mlezi kujitunza mwenyewe. Shirika hilo linasema wanawake ndio wanaobeba asilimia 70 ya saa za ulezi huu, na Dada ni mmoja wao. Nimemtumia, Kiingereza chake kinatosha. Wasiojua Kiingereza wafundishwe kwa mdomo, msikitini, kanisani, kwenye chama.

Nanyi ndugu zangu wa Doha, Leicester na Minneapolis, kabla ya kuuliza hela zimekwenda wapi, changeni mumlipe mtu wa kumpokea mlezi siku mbili kila juma, naye alale, aende harusini, apimwe presha. Mkipiga simu, muulizeni hali yeye kwanza.