Kidonge cha baba mkwe



Sisi wakazamwana wawili tuna duka la kushona Maili Moja, Kibaha. Harusi ya shemeji yetu ilipofanyika Kisarawe, nguo zote tulishona sisi. Baba mkwe akakataa kanzu nyeupe, akataka ya rangi ya udongo, tena pana. Tukaona ni mambo ya wazee. Kumbe mkojo ulikuwa unamdondoka, ameshaacha hata kwenda msikitini. Aliyejua ni jirani tu, aliyemletea chupa ya mizizi ya kuchemsha.

Usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa, tumbo likajaa kama ngoma. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa ile ile, si ya kusubiri kuche. Akawekwa mpira. Vipimo vikasema tezi dume imekua, si saratani. Akapewa dawa mbili: tamsulosini, inayolegeza njia ya mkojo, na finasteridi, inayopunguza tezi polepole, pengine miezi 6.

Muuguzi hakuikejeli chupa. Alisema gome la Prunus africana, mti wa misitu ya milimani kama Kilimanjaro, huuzwa Ulaya kwa tezi hii hii, na tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa kimataifa kwa kuwa miti ilichunwa mno. Ila chupa yetu haikuwa hata na jina, na mzee anameza dawa ya presha. Tamsulosini nayo huweza kushusha presha, kwa hiyo akiamkia Alfajiri akae kwanza kitandani, ndipo asimame. Dawa za mafua pia aulize kwanza, maana baadhi hufunga mkojo.

Kisha akauliza, "Vidonge anameza mwenyewe?"

Tukajibu kwa fahari kwamba bi harusi wetu humsagia, anamtilia kwenye uji. Mkazamwana mwema, mashaallah.

"Ana mimba?"

Tukanyamaza. Ilikuwa miezi miwili.

Finasteridi ikisagwa au ikivunjika, mjamzito au anayetarajia mimba asiiguse. Hupenya kwenye ngozi, na inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kidonge kizima kimefunikwa, hicho si tatizo. Mabibi harusi mnaohudumia wakwe, hili hatukulisikia kwenye somo lolote la kungwi.

Kuhusu swala tulimuuliza ustadhi. Mwenye mkojo usiokatika husubiri wakati uingie, akajisafisha, akaweka kitambaa, akatawadha na kuswali bila kuchelewa, kila faradhi kwa udhu wake. Vitambaa tumemshonea wenyewe, pamba tabaka tatu, vyenye kamba za kufungia. Ijumaa anakwenda msikitini.

Dawa sasa anapewa na mwanawe, nzima nzima. Bi harusi amemweleza daktari wa kliniki kila kitu na anafuatiliwa. Mtoto bado hajazaliwa. Tuombeeni dua.