Fungu la Baba na Fungu la Mama

Toka Mbeya hadi Iringa jina la mtu hutangulia kutaja kwao. Akikuambia yeye ni Mwakyusa, wajua ni Mnyakyusa. Akisema Mkwawa, ni Mhehe. Basi hata chembe za mwili wako zina alama zenye majina ya namna hiyo. Wataalamu huziita HLA. Kwa alama hizo askari wa mwili humtambua mwenyeji na mgeni.

Mwaka 1958 Jean Dausset wa Paris aligundua ya kwanza, akaiita MAC, kwa herufi za majina ya watu waliojitolea damu. Wengine nao wakatoa majina yao, hata alama moja ikaitwa hivi huku na vile kule. Vurugu tupu! Mwaka 1968 kamati ya Shirika la Afya Duniani ikashika kazi ya kuyapanga. Leo daktari akiandika A*02:01, A ni mahali pake, 02 ni kama ukoo, na 01 ni jina la mwenyewe. Majina yamepita 30,000.

Yatuhusu nini sisi wa vijijini? Figo. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Hapo awali wagonjwa walipelekwa India. Mtoaji huwa ndugu, na alama zake hulinganishwa na za mgonjwa. Hapo ndipo maneno huanza. Nilimsikiliza mama mmoja wa Iringa akilia: wanawe wawili walipimwa, wasilingane hata kidogo, na mawifi wakanong'ona kuwa mmoja si wa baba yake.

Uzushi huo! Nilimpa mfano. Tuseme baba ana mafungu mawili, la mahindi na la ulezi. Mama ana la maharage na la njegere. Kila mtoto hupewa fungu moja la baba na moja la mama. Huyu akipata mahindi na maharage, na yule ulezi na njegere, hawashiriki hata punje, na wote ni wa nyumba ile ile. Kwa ndugu wawili wa baba na mama mmoja, nafasi ya kutolingana kabisa ni 1 kati ya 4, sawa na ile ya kulingana kabisa. Nusu iliyobaki ni ya kulingana nusu. Tena asiyelingana pengine aweza kutoa figo kwa msaada wa dawa, daktari akiridhika.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akaniomba niende nikayarudie mbele ya mawifi zake.