Gemu za watoto: halali au haramu?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zangu katika imani, wiki hii wazazi wanne wameniuliza swali moja: "Sheikh, hizi gemu za watoto ni halali au haramu?" Mama mmoja aliniandikia saa saba usiku. Mtoto wake wa miaka kumi alikuwa bado macho, simu iko chini ya shuka.

Jibu fupi kwanza. Mchezo asili yake ni ruhusa, mpaka uingiwe na haramu. Vile vibanda ambako vijana wanacheza mpira wa kwenye skrini, kila mmoja anaweka pesa na mshindi anazoa zote, hiyo ni kamari hata kama dau ni shilingi mia tano. Gemu yenye picha za uchi, haramu. Inayompitisha mtu swala, kwake yeye haramu.

Lakini swali limekuja nusu. Nusu ya pili ni hii: mtoto akiiweka simu chini, anakwenda wapi?

Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) akiwa mtoto. Katika Sahih Muslim anasimulia kwamba siku moja alitumwa, njiani akawapita watoto wanaocheza sokoni. Mara akahisi ameshikwa kisogoni kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume (s.a.w.), naye anacheka! Akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Wangapi kati yetu tungecheka?

Na hadithi ya Jabir (r.a.) mnaijua: usiku unapoingia tuwazuie watoto wetu, kwa kuwa mashetani husambaa wakati huo. Sisi tumeishika ile amri ya kuzuia tu. Tafakarini: anayeambiwa amuingize mtoto ndani magharibi, maana yake mtoto alikuwa nje.

Imamu Ghazali katika Ihya anataka mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri apumzike, kwani kumnyima mchezo na kumbana na masomo kila saa kunaua moyo wake na kuzima akili yake. Huyo alifariki mwaka 505 Hijria. Hakuwahi kuona simu.

Sisi tuliokulia Tanga miaka ya 1970 tulicheza chandimu kwa mpira wa matambara, gololi, tiara, kombolela. Wasichana walikuwa na rede na mdako. Msidhani tulikuwa wacha Mungu kuliko watoto wa leo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Ndani kulikuwa na joto na kutumwa dukani. Ungebaki ndani ufanye nini?

Tofauti iko hapa. Chandimu ilikuwa na mwisho wake. Mwenye mpira akiitwa na mama yake, mchezo umekwisha. Mkigombana, kesho lazima mpatane, maana bila yeye timu haitimii. Jua likizama mpira hauonekani, na adhana inawakuta mmechoka, njaa inauma. Gemu ya simu haina magharibi. Ukimaliza hatua moja inafunguka nyingine, ukiondoka inakutumia ujumbe urudi, na wengi walioitengeneza wanapata pesa kadiri unavyoendelea kukaa. Mtoto wa miaka kumi anashindana peke yake na watu wazima waliosomea kazi hiyo. Halafu tunasema hana adabu.

Simlaumu yule mama. Barabara imejaa bodaboda, jirani hamjui, na habari za watoto kuharibiwa tunazisikia kila siku. Zamani mtu mzima yeyote wa mtaa alikuwa jicho la mzazi. Leo ukimkanya mtoto wa mwenzio unaitwa polisi. Viwanja tumeuza, vilivyobaki tumezungushia ukuta. Na wasichana ndio tuliowafungia ndani mapema zaidi, wakati Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) mwenyewe.

Sasa nije kwetu. Waumini wa msikiti wetu mnajua kuna pendekezo la kujenga fremu sita za maduka kwenye uwanja ulio nyuma ya chuo. Hoja yake si ya kupuuza: maalimu wetu wana miezi mitatu hawajalipwa sawasawa, na kodi ya fremu ingewalipa. Waliolileta ni watu wema, wasisemwe vibaya humu kwenye maoni.

Rai yangu, na ni rai tu: tusijenge. Eneo lile ni wakfu wa chuo, na baada ya alasiri ndipo mahali pekee mtaani ambapo mtoto anakimbia na maalimu anamuona. Mishahara tuitafute kwingine. Nyumba ambazo watoto wao wanasoma pale ni zaidi ya themanini. Kila nyumba ikitoa shilingi elfu tano kwa mwezi, zinapita laki nne. Bando la simu linatushinda hilo?

Kikao ni Jumamosi baada ya swala ya isha, pale pale msikitini. Kina mama nafasi yenu ipo, njooni, maana nyinyi ndio mnaoniandikia saa saba usiku. Mwenye hesabu nzuri kuliko yangu aje nayo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.