Saa Isiyorudi Nyuma

Hakuna saa isiyopotoka. Hata iliyomo ndani ya kompyuta, inayohesabu mitetemo ya kipande cha fuwele, hutangulia au huchelewa kidogo kidogo, maana joto na baridi huubadili mtetemo huo.

Kuisahihisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuirusha: ilikuwa saa nne na dakika tano, mara ni saa nne kamili. Mtu ataridhika, lakini programu zitachanganyikiwa, kwani dakika tano zilizokwisha kupita zinapita tena, na lililofuata laonekana limetangulia. Yalinifika hayo nikiwa katikati ya kufasiri shairi. Saa ilirudi nyuma ghafla. Programu ya kuhifadhi nakala ikalinganisha nyakati, ikaiona rasimu mpya kuwa ndiyo kongwe, ikaandika ile ya zamani juu yake. Beti tatu zikaenda arijojo.

Njia ya pili ni ya upole. Katika miaka ya 1980, mfumo wa Unix uliotengenezwa Berkeley, Marekani, ulileta amri iitwayo adjtime. Kwayo programu huiambia mashine kiasi cha kosa, na mashine huiharakisha saa au huipunguzia mwendo hadi kosa liishe. Ndivyo pia ifanyavyo NTP, taratibu ya kulinganisha saa katika intaneti aliyoibuni David Mills, aliyefariki mwaka 2024. Kikomo chake cha kawaida ni nusu ya elfu moja ya sekunde kwa kila sekunde. Hivyo kosa la sekunde 1 huhitaji sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa. Saa iliyotangulia haisimami wala hairudi: hupunguza hatua mpaka wakati wa kweli uifikie.

Upole huu una gharama. Muda wote huo saa inasema uongo, na mashine inajua. Tena kosa la siku nzima lingehitaji siku 2,000, zaidi ya miaka mitano. Hapo kurusha hakuepukiki.

Hata hivyo, naona hekima ndani yake. Usahihi ni mambo mawili: kuafikiana na wakati wa kweli, na kulinda mfuatano wa mambo. La kwanza laweza kungoja nusu saa. La pili likivunjika, hakuna wa kuliunga. Ndiyo maana saa hurushwa mashine inapoamka, kabla kazi haijaanza. Kazi ikishaanza, huongozwa taratibu.