Barua kutoka Toronto: Usimgombeze kwa Namba

Dada yangu mpendwa,

Habari za mpwa wangu zimenikosesha usingizi. Unasema alilala na sukari ya 7 akaamka na 14, ukamgombeza ukiamini amekula kitu usiku. Dada, huenda hakula chochote. Alfajiri mwili hutoa homoni za kumwandaa mtu kuamka, nazo hulifanya ini kumwaga sukari kwenye damu. Kwa mtu mzima wa afya, kongosho huongeza insulini hapo hapo. Kwetu sisi wenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziua seli zinazoitengeneza, na wala si kwa sababu ya soda au peremende. Mpime saa tisa usiku siku chache, kisha umwonyeshe daktari.

Nimekuwa na kisukari hiki tangu utotoni, unakumbuka mama alivyokesha, na bado vipimo vyangu hunishangaza. Wali ule ule, dozi ile ile, leo 8, kesho 15. Mafua huipandisha sukari. Pilau yenye mafuta mengi huchelewa tumboni, sukari ikapanda usiku wa manane wakati sindano ya chakula imeshaisha nguvu. Nikitembea sana, hushuka saa nyingi baadaye nikiwa nimelala. Tena mpapase tumbo na mapaja: ukichoma pale pale kila siku pananenepa, na insulini haiingii sawasawa.

Mimi siku hizi kinachonitisha ni kushuka. Zamani nilitetemeka na kutoka jasho. Miaka mingi ya ugonjwa imezififisha dalili hizo, naweza kufika 2.9 huku naongea kama kawaida, mpaka kifaa nilichobandika mkononi kipige kelele. Mtoto bado anatetemeka, basi asipuuze. Chini ya 4, apewe vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apime tena. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Na kuhusu insulini yenyewe: katika mji huu, Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini iliyogunduliwa na daktari Banting na wenzake. Hataza waliikabidhi Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa iwafikie watu. Ndiyo maana inaniuma kusikia unakopa ili ununue chupa. Nitatuma fedha za mwezi huu.

Katika daftari lake aandike kila kitu: chakula, mpira, homa, mahali alipochoma. Akipata 14 aandike 14, nawe usibadilishe sura. Mtoto anayegombezwa kwa namba huanza kuandika namba za uongo, na daktari atapanga dozi kwa uongo huo, na hapo ndipo tunapoweza kumpoteza.

Msalimie shemeji. Jumamosi nitapiga, nataka kuongea na mjomba mwenyewe.

Kaka yako