Nairobi ama Kwa Vonza?

Wasee, kila mtu aliniambia ukitaka kazi ya benki, soma Nairobi. Ni kweli, makao makuu ya benki nyingi yako huko, na KCA iko hapo Ruaraka, Thika Road. Lakini mimi ni wa Migwani. Kodi ya Nairobi ingemaliza mbuzi wa mama, na hao mbuzi ndio karo ya mdogo wangu.

Nimechagua SEKU, Kwa Vonza, hapa hapa Kitui. Mafunzo ya kazini nitatafuta Mwingi. Mvua ikikosa, najua kwa nini mkulima wa ndengu amechelewesha mkopo. Hiyo pia ni elimu ya benki. Nairobi itangoja. Mbuzi wakiuzwa hawarudi. Wewe ungechagua wapi?