‘Mama mdogo amesafiri’: Neno lililomnyima mtoto usingizi

Baba alikuwa anapanga nguo kwenye begi. Kesho yake asubuhi alitakiwa kupanda treni ya SGR hapo Kilosa kwenda Dodoma kikazi, safari ya siku tatu tu. Binti yake wa miaka minane akalikumbatia lile begi kwa mikono yote miwili, akalia hadi akatapika.

“Baba asiende,” alisema. “Wanaosafiri hawarudi.”

Mama yake alijua maneno hayo yametoka wapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyapanda, wiki tatu nyuma.

Yote yalianzia kwa rafiki yake wa Mikumi. Wanawake hao wawili walikutana wodi ya wazazi. Mmoja ni Mwislamu wa Kilosa mjini. Mwenzake alifika kwa rufaa kutoka Mikumi, muumini wa Kanisa la Mennonite, ambaye wazazi wake walihamia Morogoro kutoka Mara, mkoa ambako kanisa hilo lilianzia, pale Shirati, mwaka 1934. Watoto wao walizaliwa usiku mmoja, wa kike na wa kiume. Tangu siku hiyo wakaitana “mama pacha”.

Kutoka Kilosa hadi Mikumi ni zaidi ya kilomita 70, lakini urafiki wao haukuhesabu vumbi la njiani. Ramadhani ikifika, mihogo na maboga ya futari vilitoka Mikumi kwa mkono wa dereva wa basi. Krismasi, mchele na viungo vya pilau vilitoka Kilosa kwa njia ileile.

Siku moja mama pacha wa Mikumi alimsimulia mwenzake jinsi wao kanisani wanavyooshana miguu wakati wa Meza ya Bwana.

“Sisi tunajiosha wenyewe, mara tano kwa siku,” alijibu wa Kilosa. “Nyie mnaoshana hata na aliyekusengenya?”

“Huyo ndiye unayeanza naye!” Wakacheka hadi machozi.

Kisha ikaja Ijumaa moja jioni. Bodaboda aliyopanda mama pacha iligongwa na lori kwenye barabara kuu inayokatiza mji wa Mikumi, ile ya malori na mabasi ya kwenda Iringa, Mbeya hadi mpakani na Zambia. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Mama wa Kilosa alimwacha binti kwa bibi yake, akaenda msibani. Alifika miguu ikiwa na vumbi jekundu, kichwa kimemlemea. Mama mmoja mzee wa usharika ule akamletea maji kwenye beseni, akainama, akamwosha miguu bila kusema neno. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Siku tatu alilala mkekani na wanawake wa Kimennonite, akichambua mchele huku wenzake wakiimba nyimbo asizozijua.

Aliporudi, binti akauliza habari za mama mdogo. Mama akakosa ujasiri. “Mama mdogo amesafiri.”

“Atarudi lini?”

“Safari yake ni ndefu, mwanangu.”

Wazazi wengi wangejibu hivyohivyo, na kwa nia njema. Tatizo ni kwamba mtoto huchukua neno kama lilivyo. Akiambiwa marehemu “amelala”, anaweza kuogopa kulala. Akiambiwa “Mungu alimpenda sana”, anaweza kuogopa kupendwa. Akiambiwa “amesafiri”, atasubiri, na asiyesubiriwa akishika begi atatetemeka. Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka mitano, hudhani aliyekufa ataamka. Mwenye miaka minane kwa kawaida anaweza kuelewa, ila anahitaji kuambiwa.

Usiku ule wa begi, mama aliketi kitandani kwa binti yake, akasema kweli: “Nilikosea. Mama mdogo hakusafiri. Alipata ajali, mwili wake ukaumia sana, akafa. Tumemzika. Hatarudi. Na mimi inaniuma.”

Mtoto alinyamaza, kisha akauliza jambo ambalo mama hakulitegemea: “Alikuwa amevaa kofia ngumu?”

“Hapana.”

“Wewe huwa unavaa?”

Mama akakosa jibu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Hata hivyo, takwimu haikumgusa kama swali lile. Siku hizi dereva wa bodaboda asiye na kofia ya abiria hambebi yeye wala mwanawe.

Kuhusu baba, mama hakuapa kwamba lazima arudi, kwa sababu hakuna awezaye kuapa hivyo. Alisema: “Baba amepanga kurudi Alhamisi. Akishuka Dodoma atakupigia.” Baba alipiga. Binti aliuliza neno moja tu, “Umefika?”, akarudi kucheza.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Mikumi wote wawili. Mtoto wa marehemu alimshika pacha wake mkono, akampeleka kaburini, akamwonyesha maua aliyopanda. Walisimama kidogo, kisha wakakimbilia mpira. Watu wazima wengine waliguna, lakini watoto huomboleza hivyo: wanalia kidogo, wanacheza kidogo, kesho wanalia tena.

Likizo ya Desemba, yule wa kiume atakuja Kilosa kwa wiki mbili. Mama ameshamwandaa binti yake: “Akitaka kumtaja mama yake, mwache amtaje. Akitaka kulia, usimwambie anyamaze. Niiteni tu, tutakaa wote.”